Chensoo ya mtumba inapoishiwa nguvu ndani ya gogo

Wengi wanaoniletea chensoo (msumeno wa injini) ya mtumba huanza na maelezo yale yale. Inawaka bila usumbufu, sailensa, yaani mwendo wa chini bila resi, inakaa, ukipiga resi mkononi inanguruma vizuri, lakini ikishazama nusu ya gogo sauti inashuka, cheni inapunguza mwendo, na usipoinyanyua haraka inazima. Kabla sijauliza hata swali moja, mwenye mashine ameshatoa bisibisi. Anataka kugusa skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ninamwomba airudishe mfukoni kwanza. Skrubu za kabureta naziweka mwisho kabisa, na mashine iliyonifundisha hivyo ninayo mpaka leo.

Nafanya kazi ya kuvuna na kupasua miti Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania. Huku kuna shamba la Serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini, na pembeni yake kuna watu binafsi wengi wenye ekari mbili, tano, kumi za misindano (mipaini) na milingoti (mikaratusi). Chensoo mpya ya kazi nzito si kitu ambacho mvunaji mdogo anakinunua kwa fedha za msimu mmoja, kwa hiyo mashine nyingi unazozisikia huku zimeshapita mikono ya watu watatu, wanne. Kila mmoja amezikaza na kuzilegeza kwa namna yake. Ukinunua ya mtumba, umenunua pamoja na kazi za bisibisi za wote waliokutangulia.

Hii yangu niliipata Makambako, kwa jamaa aliyekuwa akiitumia bondeni, upande wa Ifakara, kwenye mitiki. Injini yake ni ya cc sabini na kitu, baa, yaani chuma bapa kinachobeba cheni, ya inchi 25. Jamaa alikuwa mkweli. "Kaka, sikufichi, inachoka ikiwa kwenye mti. Mafundi wameishindwa." Niliichukua hivyo hivyo, kwa bei ya mashine mbovu, baada ya kuishika kwa mpini wa kamba ya kuwashia na kuiacha ining'inie, swichi ikiwa imezimwa. Mashine yenye ringi nzima haishuki moja kwa moja. Inashuka kidogo, inakwama pale pistoni inapobana hewa, kisha inashuka tena taratibu. Ikitelemka mpaka chini bila kukwama popote, kompresheni imekwisha, na hapo unazungumzia pistoni na silinda, yaani sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima. (Mashine kubwa nyingi zina kitufe cha kupunguza mbano wakati wa kuwasha, hakikisha hakijabonyezwa, la sivyo jaribio litakudanganya.) Yangu ilikwama vizuri. Injini ilikuwa nzima, tatizo lilikuwa kwingine.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuisikiliza inavyokufa. Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka, na ndipo penye majibu mengi kuliko penginepo. Kuna mashine inayokatika ghafla, bila sauti kubadilika kwanza. Hiyo mara nyingi ni umeme: plagi, waya wa swichi unaogusa bodi, au koili. Koili inayokufa ina tabia ya kukubali ikiwa baridi na kugoma ikipata moto. Ukipumzika na mashine ikapoa, inawaka tena na kukuacha ukidhani imepona. Kuna inayoshuka taratibu kwa sauti nzito, moshi ukiongezeka. Hiyo inapata mafuta mengi kuliko hewa, au moshi wake haupati njia ya kutoka. Kuna ile ambayo sauti inapanda kwanza, inakuwa nyembamba na kali, kisha inaanguka. Hiyo inapata hewa nyingi na mafuta machache, na ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu kwenye injini ya 2T (two stroke) mafuta ndiyo yanayobeba oili. Mafuta yakipungua, oili nayo imepungua, joto linapanda, na ukiendelea kulazimisha injini inanoki. Na kuna hali ambayo injini wala haishuki. Inanguruma tu huku cheni imesimama. Hapo usifungue kabureta wala plagi. Angalia klachi.

Yangu ilikuwa na tabia mbili kwa pamoja. Ikiwa ndiyo kwanza imewashwa ilikata kwa sauti nzito na moshi. Ikishapata moto sawasawa, ukiikandamiza kidogo kwenye gogo sauti ilikuwa nyembamba, ikapanda, ikaanguka. Nadhani ndiyo maana mafundi waliishindwa: aliyeisikia ikiwa baridi alifunga skrubu, aliyeisikia ikiwa moto aliifungua.

Nilianza na cheni, kwa sababu cheni haidai kufungua kitu chochote na kwa sababu nusu ya mashine "zisizo na nguvu" ninazoletewa zina injini nzima na cheni butu. Kinachotoka chini ya baa kinakwambia yote. Cheni kali inatoa maranda, vipande bapa unavyoweza kuvishika kimoja kimoja. Cheni butu inatoa unga. Yangu ilikuwa inatoa maranda upande mmoja na unga upande mwingine, na mkato ulikuwa unapinda upande mmoja. Niliigeuza baa juani nikapima meno kwa rula: ya kulia yalikuwa mafupi kuliko ya kushoto kwa zaidi ya milimita moja. Mwenyewe aliyenoa alikuwa na mkono wenye nguvu upande mmoja. Cheni ya namna hiyo inasukuma baa kwenye ukuta wa mkato, msuguano unakula nguvu, na injini inalaumiwa bure.

Mbele ya kila jino kuna kinundu ambacho kazi yake ni kuamua jino lichimbe kina gani. Wengi hunoa jino tu na kusahau kinundu. Jino likizidi kufupishwa, linashuka pia, hadi kinundu kinalizidi na jino haligusi tena mti. Hapo mkataji anakandamiza, baa inapata moto, injini inalia. Kwa cheni za kawaida kinundu kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa kiasi cha milimita 0.65. Ukikishusha mno nako ni balaa: jino linang'ata kipande kikubwa kuliko uwezo wa injini, cheni inakwama kwa mshtuko, na mashine inaweza kukurukia. Nilinyoosha cheni yote kwa tupa ya duara ya milimita 5.2, nikafuata urefu wa jino fupi kuliko yote, kisha nikashusha vinundu kwa tupa bapa na geji yake.

Nikiwa hapo hapo niliangalia baa. Kingo zake zilikuwa zimefunuka nje kama ukucha, nikazisugua zikakaa sawa. Tundu la oili lilikuwa limezibwa na unga wa mbao uliochanganyika na oili chafu ya gari. Hii oili chafu ni janga. Watu wanaitumia kwa sababu inapatikana bure gereji, lakini imejaa chembe za chuma na masizi, ni nyepesi ikipata moto, na inaziba pampu. Baa isiyopata oili inakausha cheni, cheni inakaza, na hapo tena unapoteza nguvu ambayo injini ilikuwa nayo. Ukitaka kujua kama oili inafika, elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe kilichokatwa muda huo huo, bila kukigusa, piga resi kidogo: mstari wa oili lazima uonekane.

Mashine ilibadilika. Mkato ulinyooka, maranda yakatoka pande zote. Lakini udhaifu ule haukuondoka, ulichelewa tu.

Mafuta yakafuata. Kuna jaribio moja la mfuniko wa tangi ambalo ningependa kila mwenye chensoo alijue. Mashine ikianza kuchoka, zima, iache ipoe, kisha legeza mfuniko wa mafuta polepole, sikiliza. Ikivuta hewa kwa mlio wa "sss" kuelekea ndani na baada ya hapo ikafanya kazi vizuri kwa dakika chache, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho pampu ya kabureta inashindwa kuvuta. Mashine nyingi zimefunguliwa injini nzima kwa ajili ya tundu hilo dogo. Fanya hivyo mashine ikiwa imepoa, maana kuna nyakati mvuke wa petroli unatoka kwa nguvu badala ya hewa kuingia. Yangu haikuvuta wala kutoa. Tundu lilikuwa salama.

Chujio la ndani ya tangi lilikuwa jeusi, nikalivuta kwa waya uliokunjwa ncha na kuweka jipya. Nilifungua na upande wa pampu wa kabureta, bila kugusa skrubu, kwa sababu mle ndani kuna wavu mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho ambao ukiziba mashine inakaa sailensa vizuri na inakufa ukivuta resi yote. Ulikuwa na uchafu kidogo. Nadhani ulitokana na petroli ya kwenye chupa. Vijijini petroli inauzwa kwenye chupa za maji zilizopangwa juani pembeni ya barabara. Ina vumbi, wakati mwingine ina maji, na wakati mwingine imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Bodaboda ya injini ya four stroke itavumilia. Chensoo haivumilii. Nanunua kituoni, kwenye dumu la chuma au la plastiki ngumu, nakoroga na oili ya 2T iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa, mililita 100 kwa lita 5 kama kitabu cha mashine kinavyosema, na sikorogi zaidi ya mafuta ya wiki chache. Kuna wenzetu wanaotoka ziwani wanatumia oili za injini za boti. Zile zimetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji, ambayo joto lake halifiki huku.

Chujio la hewa nalo ni hadithi ya huku kwetu. Msindano una utomvu, na unga wake laini unanata kwenye chujio ukawa utando ambao kuupuliza hakuuondoi. Chujio unaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unaliacha likauke kabisa. Nimewaona vijana wakilitupa chujio ili mashine "ipumue". Inapumua kweli, siku chache, kisha pistoni inachubuka upande wa kabureta na mashine imekwenda.

Eksozi ndiyo iliyonipa jibu la kwanza la kweli. Nilifungua boliti zake, nikatoa wavu wa chuma unaozuia cheche, nikauinua juu kuangalia mwanga. Mwanga haukupita. Ulikuwa umefunikwa na masizi mazito yenye mafuta, ukiyagusa yanang'ang'ania kidole. Mashine ya namna hii inawaka, inakaa sailensa, inapiga resi kiasi, lakini ukiitaka nguvu moshi wa mlipuko uliopita bado umo ndani ya silinda na hauachi nafasi ya mchanganyiko mpya. Nikausugua kwa brashi ya waya ukang'aa. Fundi mmoja wa jirani alinishauri niutupe kabisa. Sikukubali, na ninamwambia kila mtu asikubali. Kiangazi hapa Mufindi, majani ya misindano yakiwa yamekauka chini, cheche moja ya masizi inatosha kuteketeza shamba la mtu aliyesubiri miaka kumi na tano. Wavu unasafishwa, hautupwi.

Eksozi ikiwa imetoka, usikimbilie kuirudisha. Pale kuna dirisha la kuonea pistoni bila kufungua injini. Vuta kamba taratibu mpaka pistoni ipite kwenye tundu, angalia kwa tochi. Ukiona mistari ya wima iliyochimbika upande wa eksozi, injini ilishawahi kukosa mafuta au oili. Mistari ikiwa upande wa kabureta, iliingia vumbi. Pistoni yangu bado ilikuwa na alama laini za mashine iliyoichonga kiwandani, na mikwaruzo miwili myembamba sana upande wa eksozi ambayo kucha ilipita bila kunasa. Nilifurahi, na hapo hapo nikapata wasiwasi, kwa sababu mikwaruzo ile ilikuwa inaanza. Kitu fulani kilikuwa kinaikausha injini. Lakini masizi kwenye wavu yalisema injini inapata mafuta mengi. Vyote viwili vilikuwa kweli, na nilishindwa kuviunganisha.

Wakati wote huo nilikuwa nikiijaribu mashine kwenye magogo yaliyolala tu. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Mashine yenye ugonjwa wa kuishiwa nguvu usiipeleke kwenye mti uliosimama. Mlingoti wa mita 30 ukishakata mdomo wa mbele na ukiwa katikati ya mkato wa nyuma, mashine ikazima, mti umesimama kwa bawaba ya mbao ya upana wa vidole kadhaa, na upepo wa huku haungoji uwashe tena. Nimemzika mwenzangu kwa mti wa namna hiyo. Mashine yake ilikuwa na tatizo ambalo kila mtu kambini alilijua.

Niliipeleka Mafinga, kwa mzee mmoja aliyefanya kazi karakana ya kiwanda cha mbao mpaka alipostaafu, sasa anatengeneza chini ya mparachichi nyumbani kwake. "Kamwene, fundi," nilimsalimu, naye akaitika huku macho yake yakiwa kwenye mashine, si kwangu. Nikamweleza yote, na niliyoyafanya. Hakuomba bisibisi. Aliniambia, "Iwashe, weka breki ya cheni, iache kwenye sailensa." Kisha akashika mpini wa mbele kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili uliovaa glavu akaisukuma injini chini na pembeni, akiipindisha dhidi ya mpini. Sauti ikapanda. Akaiachia, ikashuka. Akasukuma tena, ikapanda tena.

"Umesikia, kijana wangu?"

Nilisikia. Na ghafla tabia zote mbili za mashine zilieleweka.

Kwenye chensoo nyingi injini haikufungwa moja kwa moja kwenye mipini. Imekaa kwenye raba au springi za kuzuia mtikisiko, ili mikono isife ganzi. Kwenye baadhi ya mashine kabureta imekaa upande wa mpini na tangi, silinda iko upande wa pili, na katikati yake kuna mpira mfupi unaopitisha mchanganyiko. Ukiwa umeishika mkononi bila kazi, mpira umelala katika umbo lake. Ukiikandamiza kwenye gogo, injini na mipini vinasogea, mpira unavutika. Mpira ukiwa na ufa, ufa unafunguka wakati huo tu, unapokata. Hewa inaingia pembeni bila kupita kwenye kabureta, mafuta hayatoshi tena, sauti inakuwa nyembamba, nguvu inaanguka. Ukiinyanyua, ufa unafumba, na mashine inanguruma kana kwamba hukuionea chochote.

Mzee aliutoa mpira, akaukunja kati ya vidole gumba viwili. Upande wa chini, usioonekana mpaka uukunje, ulikuwa umechanika kwenye mkunjo, ufa wa urefu wa punje ya mchele. Kingo zake zilikuwa zimekauka na kuwa na weupe. Mashine iliyofanya kazi miaka kwenye joto la bondeni, petroli ikiupitia kila siku, mpira lazima uchoke. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Na masizi? Yule aliyeisikia ikilia nyembamba alifungua skrubu ya H, ile ya mafuta ya resi ya juu, ili kuongeza mafuta, apambane na hewa ya ufa. Mzee aliifunga polepole akihesabu: ilikuwa imefunguliwa karibu mizunguko miwili, wakati mwanzo wa kawaida kwa mashine ile ni mzunguko mmoja. Kwa hiyo ikiwa haijakandamizwa, ufa umefumba, ilikuwa inamwaga mafuta, moshi, masizi, wavu ukaziba. Ikikandamizwa ilikauka. Tiba ya tatizo moja ilizaa la pili. Ndiyo maana nasema bisibisi ingoje: skrubu ya H inaweza kuuficha ufa kwa muda, na muda huo pistoni inalipa.

Hakuishia kwenye mpira. Alisema ukikuta mahali pamoja panapovuja usidhani ndipo pekee. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakibana kati ya eksozi na silinda, akaziba na upande wa kabureta, akaunganisha bomba dogo la mkono lenye geji kwenye ule mrija mwembamba unaopeleka mapigo ya hewa ya krenki kwenye pampu ya kabureta. Akapampu mpaka kiasi cha pauni 7 kwa inchi ya mraba. Sindano ya geji ikatulia. Kisha akageuza bomba, akavuta badala ya kusukuma, kwa sababu sili za krenki wakati mwingine zinashika hewa ikisukumwa kutoka ndani na kuachia ikivutwa. Hapo tena ikatulia. Sili zilikuwa nzima. Ule mrija wenyewe aliubadilisha hata hivyo, umri wake ukiwa sawa na wa mpira uliochanika.

Mpira mpya ulikuwa kitu cha bei ndogo, sehemu ndogo sana ya bei ya pistoni na silinda. Tuliufunga, tukawasha, akarudia ile ya kusukuma na kupindisha. Sauti haikubadilika hata kidogo. Hapo ndipo alipochukua bisibisi.

Kuseti kabureta kunafanywa injini ikiwa moto, chujio la hewa likiwa safi na cheni ikiwa kali, vinginevyo unaseti ugonjwa. Ukivuta resi yote mkononi, kwa sekunde chache tu, sauti iwe na mgugumio mdogo, isiwe safi kabisa. Ukiiingiza kwenye gogo mgugumio upotee, sauti isafike na ivute. Ikiwa safi na kali mkononi, itakuwa kavu kwenye gogo. Ikigugumia mpaka ndani ya gogo, ina mafuta mengi. Mashine za kisasa zenye kompyuta ndogo zinajiseti zenyewe na hazina skrubu hizo, lakini hizo bado ni chache kwenye soko la mtumba la huku.

Kisha kuna suala la mwinuko, ambalo mzee aliniuliza kabla hajamaliza: "Ilikuwa ikifanya kazi wapi?" Nikamwambia Ifakara. Akatikisa kichwa. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1,800. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo hata mashine nzima kabisa ikipanda kutoka bondeni mpaka Mafinga itakuwa dhaifu kidogo, na hilo halina dawa. Lililo na dawa ni mchanganyiko. Kabureta iliyosetiwa bondeni ikifika huku inatoa mafuta mengi kwa hewa iliyopo. Inataka H ifungwe kidogo, kwa sehemu ndogo za mzunguko, ukisikiliza. Mvunaji asiyejua hili anauziwa mashine nzima, anaipandisha milimani, anadhani ametapeliwa.

Kinyume chake ndicho kinachoua injini. Mashine iliyosetiwa Mafinga ikishushwa bondeni inakutana na hewa nzito, mafuta yanabaki yale yale, na inakata kwa ukavu. Mara ya kwanza inaonekana ina nguvu ya ajabu, resi inapanda, mwenyewe anafurahi. Wenzangu wanaokwenda Kilombero kwa kazi ya mitiki hunipitia kabla ya kuondoka, na kila mmoja namwambia afungue H kwanza mpaka igugumie, kabla hajagusa gogo la kwanza, kisha aifunge kwa kusikiliza akiwa kule kule. Na kabla ya hapo awashe, aweke breki, aikandamize injini dhidi ya mpini kama mzee alivyofanya. Sauti ikipanda, asisafiri nayo mpaka mpira ubadilishwe.